Sayansi Ikibadilika, Imani Yako Inakwenda Wapi?

Mhadhara ulikuwa umekwisha. Watu wanakunja mikeka, spika bado zinavuma, na muuza kahawa keshaanza kugonganisha vikombe vyake kwenye uchochoro wa Mji wa Kale, Mombasa. Kijana wa umri wa kidato cha nne akanyanyua mkono, ingawa muda wa maswali ulishapita.

"Maalim, umesema sayansi imethibitisha kuwa Mungu yuko, kwa sababu imegundua ulimwengu ulikuwa na mwanzo. Sasa wanasayansi wakibadilisha kauli kesho, mimi nishike lipi?"

"Hawatabadilisha, mwanangu."

Basi. Watu wakatawanyika.

Swali lile halijanitoka kwa wiki kadhaa. Maalim si mtu wa elimu ndogo, na wala hakuwa na nia mbaya. Lakini jibu lake lilimwegemeza kijana kwenye nguzo ambayo hata walioijenga hawakuikusudia kubeba mzigo huo. Jibu hilohilo hutolewa makanisani pia, kuanzia Likoni hadi Mtwapa. Wahubiri wetu wana mengi ya kubishania, ila hapa lao ni moja.

Mimi ni muumini. Ndiyo maana hoja dhaifu ya kumtetea Mungu inaniuma kuliko inavyomuuma asiyeamini.

Padri ambaye hakushangilia

Wazo kwamba ulimwengu unatanuka, na kwamba zamani ulikuwa umesongamana na wenye joto kali, lina mwasisi aliyevaa kanzu ya upadri. Georges Lemaître, Mbelgiji, alichapisha hesabu zake mwaka 1927, miaka miwili kabla ya Edwin Hubble kutoa vipimo vyake vya galaksi zinazotukimbia. Mwaka 1931 alisonga mbele zaidi, akapendekeza kwamba vyote vilitokana na kitu alichokiita atomu ya mwanzo.

Fred Hoyle, Mwingereza asiyeamini Mungu, hakulipenda wazo hilo, na sababu mojawapo ni kwamba lilimnukia uumbaji. Mwaka 1948 yeye na wenzake wawili walileta nadharia yao: ulimwengu hauna mwanzo, unatanuka milele huku mata (maada) mpya ikizuka kidogo kidogo kuziba nafasi. Nadharia hizo mbili zilishindana kwa miaka. Kisha, mwaka 1964 na 1965, Arno Penzias na Robert Wilson wakanasa kwenye antena yao mvumo hafifu uliotoka kila upande wa anga, na kila walivyosafisha mitambo haukuondoka. Leo joto la mvumo huo limepimwa kuwa kelvini 2.725, yaani takriban nyuzi 270 chini ya sifuri. Ni mabaki ya joto la ulimwengu ulipokuwa mchanga. Nadharia ya Hoyle haikupona.

Papa Pius XII hakungoja antena. Novemba 1951 aliwaambia wanasayansi wa Akademia ya Kipapa kwamba elimu ya kisasa inashuhudia lile tamko la mwanzo la kuumba nuru.

Lemaître hakufurahi.

Mwaka uliofuata Papa alipozungumza na wanaastronomia huko Roma, dai hilo hakulirudia. Naye Lemaître alishikilia msimamo wake mpaka mwisho: nadharia yake iko nje ya swali la dini. Asiyeamini anaweza kuikubali yote na akabaki alipo, na anayeamini asiifanye ngazi ya kumpandia Mungu.

Ukitaka kujua kwa nini mtu mwenye kila sababu ya kujivunia alikataa heshima hiyo, fungua hoja yenyewe.

Hoja inakatika wapi

Hoja ina hatua tatu. Kila kilichoanza kina kilichokianzisha. Ulimwengu ulianza. Kwa hiyo ulimwengu una aliyeuanzisha. Imam Ghazali (1058–1111) ndiye aliyeipa nguvu kubwa katika Uislamu, na leo wahadhiri wa dini zote mbili huitumia, wengi wao bila kumtaja.

Tatizo liko hatua ya pili. Ile miaka bilioni 13.8 inayonukuliwa mihadharani huhesabiwa tangu ulimwengu ulipokuwa na joto na msongamano mkubwa mno. Haihesabiwi tangu pale pasipokuwa na chochote. Ukirudisha saa nyuma, hesabu za Einstein zinakusindikiza hadi karibu na sekunde moja iliyogawanywa kwa 1 yenye sufuri 43. Kabla ya hapo nguvu ya uvutano na kanuni za kwanta zinatakiwa zifanye kazi pamoja, na hakuna nadharia ya kuziunganisha iliyokwisha kujaribiwa ikafaulu.

Wahadhiri waliosoma zaidi hutaja uthibitisho wa kihesabu wa mwaka 2003, wa Arvind Borde, Alan Guth na Alexander Vilenkin. Ni kazi nzito na ya kweli. Unasema kwamba ulimwengu ambao kwa wastani umekuwa ukitanuka hauwezi kuwa umetanuka hivyo tangu azali, yaani bila mwanzo wowote. Njia ya kurudi nyuma ina ukingo. Ng'ambo ya ukingo kuna nini, uthibitisho hausemi. Huenda ni mwanzo wa vyote. Huenda ni hali nyingine isiyotanuka. Mwaka 1983 James Hartle na Stephen Hawking walipendekeza ulimwengu ambao wakati wake hauna nukta ya kwanza, na Roger Penrose amependekeza mizunguko inayofuatana. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyothibitishwa.

Kwa hiyo anayesema sayansi imethibitisha mwanzo wa vyote amesema zaidi ya sayansi. Anayesema sayansi imethibitisha kuwa hakuna mwanzo amekosea vilevile.

Ghazali, kwa haki yake, hakutegemea darubini. Alitumia akili tupu. Zohali, alisema, huzunguka mara moja kwa miaka 30, na jua mara moja kwa mwaka. Kama vimezunguka tangu azali, basi mizunguko ya vyote viwili haina idadi, ilhali mmoja umezunguka mara 30 zaidi ya mwenzake. Je, hilo si muhali?

Kwa miaka karibu 800 swali hilo lilikuwa gumu kujibiwa. Kisha Georg Cantor, kuanzia mwaka 1874, akaonyesha kwa hesabu kwamba mambo yasiyo na mwisho yana kanuni zake: sehemu inaweza kuwa na ukubwa sawa na kizima, bila ya mgongano wowote. Panga namba 1, 2, 3 na kuendelea, kisha chini yake panga 30, 60, 90 na kuendelea; kila ya juu inapata mwenzake wa chini na hakuna inayobaki. Cantor naye alikuwa Mkristo mcha Mungu. Bado mtu anaweza kusema kwamba jambo hilo linawezekana kwenye karatasi na haliwezekani kwenye vitu vyenyewe, lakini hapo inambidi alete hoja mpya. Muhali hauonekani tena kwa kutazama tu.

Ghazali mwenyewe aliwaonya wale waliopinga hesabu za kupatwa kwa mwezi kwa jina la dini, akisema wanaidhuru dini wanayodhani wanaitetea. Naona onyo hilo linamhusu pia anayeifunga dini kwenye hesabu ambazo wanasayansi wenyewe bado wanazifanya.

Waliomwamini Mungu wa ulimwengu usio na mwanzo

Hapa ndipo fikra zangu zilipogeuka, na ndipo napotamani mihadhara yetu ifike.

Ibn Sina (980–1037), mwanafalsafa wa Kiislamu, aliamini ulimwengu hauna mwanzo wa wakati, na bado akaamini una Mungu. Ibn Rushd, mwanafalsafa mwingine wa Kiislamu aliyemjibu Ghazali, aliona kuamini ulimwengu wa tangu azali hakuna hitilafu na imani. Thomas Aquinas (1225–1274), nguzo ya teolojia ya Kikatoliki, alishikilia kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha kuwa ulimwengu ulianza. Hilo tunalijua kwa imani. Watu hawa hawakuwa na imani pungufu. Walikuwa na hoja tofauti.

Hoja ya Ibn Sina huuliza jambo jingine kabisa. Chukua chochote unachokiona: bahari, mbuyu, wewe mwenyewe. Kipo, lakini kingeweza kutokuwepo. Kwa kuwa asili yake haikilazimishi kuwepo, kuwepo kwake kunahitaji sababu nje yake. Ongeza vitu vya aina hiyo vingapi utakavyo, hata bila kikomo, nyuma hadi azali: mkusanyiko wote bado unaweza kuwepo au kutokuwepo. Basi lazima kuna kilicho cha lazima kuwepo kwa asili yake chenyewe, na vingine vyote vinakitegemea sasa hivi, dakika hii. Haihusiani na jana ya mbali.

Tazama faida yake. Wanafizikia wakigundua mizunguko ya Penrose, hoja haitikisiki. Wakigundua ukingo wa kweli, haitikisiki.

Haimaanishi haina udhaifu. Wa kwanza ulisemwa na Bertrand Russell redioni mwaka 1948: kila binadamu ana mama, lakini wanadamu wote kwa jumla hawana mama mmoja. Huenda kila kitu kina sababu na mkusanyiko hauna. Pingamizi hili ni kali, ila halimalizi kazi, kwani sifa nyingine hupita kutoka sehemu hadi kizima: ukuta wa matofali mekundu matupu ni mwekundu. Ubishi unabaki kuwa hii ni sifa ya aina gani.

Udhaifu wa pili ndio unaonisumbua zaidi. Ikiwa kila jambo lina sababu inayolitosheleza, na sababu ya mwisho ni ya lazima, basi matokeo yake nayo yanakuwa ya lazima. Hakuna kilichoweza kuwa vingine. Uhuru wa Mungu unatoweka, na wetu pia. Jibu bora ninalolijua limo kwa Ghazali huyohuyo. Mtu mwenye njaa amewekewa tende mbili zisizotofautiana hata chembe. Hatakufa njaa akingoja sababu ya kuchagua moja. Kuchagua kati ya vilivyo sawa ndiyo kazi ya utashi. Ukikubali hivyo, umekubali kuwa kuna jambo lenye maelezo lakini halikulazimishwa. Mimi nakubali. Sidhani kama asiyekubali amepoteza akili.

Namba za ulimwengu, na namba za kimelea

Hoja ya mizani ya ulimwengu, isemayo kwamba namba za asili zimekaa pale hasa zinaporuhusu uhai na kwa hiyo yuko aliyezipanga, ina nguvu kuliko ile ya mwanzo, na historia yake inamrudisha Hoyle. Kaboni, ambayo miili yetu imejengwa kwayo, hupikwa ndani ya nyota kwa viini vitatu vya heliamu kuungana. Mwaka 1953 Hoyle alihesabu kwamba kaboni haiwezi kupatikana kwa wingi tunaouona isipokuwa kiini chake kina kiwango fulani cha nishati. Maabara ya Caltech ikatafuta, ikakikuta kwenye elektronivolti milioni 7.65, karibu kabisa na alipotabiri. Yule aliyechukia harufu ya uumbaji aliandika baadaye kwamba mambo yanaonekana kana kwamba akili kubwa imeichezea fizikia.

Lakini ukitaka kuifanya hii hoja ya uwezekano, inabidi ufuate kanuni za uwezekano. Kanuni yenyewe ilitoka kwa mchungaji, Thomas Bayes, na ilichapishwa mwaka 1763 akiwa amekwisha kufa. Tuseme, kwa mfano tu, kama Mungu yuko nafasi ya kupata ulimwengu wenye uhai ni 1 kwa 2, na kama hayuko ni 1 kwa 1,000. Gawanya: ushahidi unazidisha uzito wa imani mara 500. Aliyeanza akiwa nusu kwa nusu sasa ana 500 dhidi ya 1. Aliyeanza akiona ni 1 dhidi ya milioni sasa ana 1 dhidi ya 2,000, na bado haamini, naye amehesabu sawasawa.

Hiyo 1 kwa 1,000 imetoka wapi? Hakuna aliyeipima. Tuna ulimwengu mmoja. Na kama namba ya asili ingeweza kuwa yoyote bila kikomo, basi kila dirisha la namba zinazoruhusu uhai, likiwa na mwisho, liwe jembamba au pana, linapata uwezekano wa sifuri. Hoja inayoshangaa kila dirisha kwa kiwango kilekile imeshangaa kupita kiasi.

Kuna sharti jingine la Bayes ambalo mihadhara hulipita kimya kimya: ukiita ushahidi, uite wote.

Basi tuite na malaria. Kimelea chake, Plasmodium falciparum, huingia na mate ya mbu, hufika kwenye ini na kuzaliana humo kwa takriban wiki bila dalili, kisha huingia kwenye seli nyekundu za damu na kuzipasua kila baada ya saa 48 hivi. Kina jeni zipatazo 60 za kutengeneza vazi la nje la seli kilizoziteka, na hutumia moja tu kwa wakati. Kinga ya mwili ikilitambua vazi, kinabadili. Wanaokufa zaidi ni watoto wa chini ya miaka mitano. Ustadi wa kimelea hiki haupungui ustadi wa jicho. Anayesema jicho linamshuhudia Fundi hawezi kukifungia kimelea mlango.

Mageuko ya viumbe yanaeleza vyote viwili kwa njia moja. Muumini anayo majibu: kanuni za asili zilizo thabiti ndizo zinazowezesha uhai na pia kimelea, na akhera ina hesabu yake. Mimi huyaamini. Lakini ni majibu ya kutetea imani iliyokwisha kuwepo; hayatoki kwenye ushahidi wa maabara, na tusijifanye yanatoka huko.

Mtoro wa 1870

Upande wa maadili, watu huchanganya maswali mawili. Je, kuna ubaya usiotegemea maoni ya watu? Na je, ubaya huo unamhitaji Mungu? Nayatenganisha.

La kwanza lina jibu karibu nasi. Kengele ya Freretown ingali pale Kongowea. Makazi hayo yalianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye biashara ya utumwa. Mkataba wa mwaka 1873 ulikuwa umefunga soko la Zanzibar na usafirishaji wa baharini, lakini kummiliki mtu kuliendelea, na hadhi ya kisheria ya utumwa kwenye ukanda wetu wa pwani haikufutwa hadi 1907.

Mwaka 1870, basi, sheria, desturi, biashara na hata wasomaji wengi wa vitabu vitakatifu waliuona utumwa ni jambo la kawaida. Kama maadili ni makubaliano ya jamii, mtoro aliyekimbia shamba mwaka huo ndiye aliyekuwa mkosaji, na bwana wake alidhulumiwa. Sijamsikia mtu Mombasa, mwenye dini au asiye nayo, aliyeweza kulisema hilo na kumaanisha. Tunachosema ni kwamba jamii nzima ilikosea. Na jamii nzima haiwezi kukosea isipokuwa kuna jambo la kukosea.

Pingamizi zito linatoka kwenye biolojia. Charles Darwin aliandika mwaka 1871 kwamba kama binadamu wangelelewa katika hali ya nyuki wa mzinga, wanawake wasioolewa wangeona ni wajibu mtakatifu kuwaua kaka zao. Mwaka 2006 mwanafalsafa Sharon Street aliigeuza fikra hiyo kuwa mtego: hisia zetu za maadili zimechongwa na kunusurika na kuzaana, na uchongaji huo haukujali ukweli, basi ama zimelingana na ukweli kwa bahati, au hakuna ukweli wa kulingana nao.

Nilikaa nalo hili muda mrefu. Kilichonitoa ni kwamba pingamizi linakata hata tawi linalolikalia. Sayansi yenyewe inasimama juu ya wajibu: usighushi vipimo, kubali ushahidi hata ukikuchoma, acha dai lililoshindwa. Hakuna darubini iliyowahi kuuona wajibu huo. Anayesema hakuna “inapasa” ya kweli hawezi kuniambia inanipasa kumwamini kwa sababu ya ushahidi wake. Na akili iliyochongwa kwa kunusurika ndiyo hiyohiyo inayofanya hesabu za nyota. Darwin mwenyewe, katika barua ya mwaka 1881, alikiri shaka kama fikra za akili iliyotokana na wanyama wa chini zinaaminika.

Kwa hiyo ubaya wa kweli upo, na akili inaufikia japo kwa kujikwaa. Hilo nalitetea mbele ya yeyote.

Je, ubaya huo unamhitaji Mungu?

Hapa ndipo wahadhiri hukimbia. “Bila Mungu kila kitu ni ruhusa,” husema, kana kwamba jambo limekwisha. Lakini swali la Plato halijafa: jema ni jema kwa kuwa Mungu ameliamuru, au ameliamuru kwa kuwa ni jema? Na sisi watu wa pwani hatuna haja ya kwenda Athens. Mu'tazila na Ash'ari, makundi mawili ya wanateolojia wa Kiislamu, walilipigania swali hilo Basra na Baghdad. Mu'tazila walisema akili huujua uzuri na ubaya wa matendo hata kabla ya wahyi. Abu al-Hasan al-Ash'ari, aliyekuwa mmoja wao kabla ya kuwaacha, alisema jema ni lile Mungu aliloliamuru, wala hakuna kipimo juu yake. Al-Maturidi wa Samarkand alisimama kati: akili huyajua baadhi, na wahyi huongeza na kuwajibisha.

Pwani yetu ya Kishafii imelelewa kwa akida ya Ash'ari. Sasa tazama kinachotokea jukwaani. Mhadhiri humwambia asiyeamini: “Moyo wako unajua utumwa ni dhuluma, basi kuna Mungu.” Hoja hiyo inahitaji moyo ujue kabla ya wahyi. Ni hoja ya Mu'tazila au Maturidi mdomoni mwa Ash'ari. Wakristo wana fundo lao: wanaosema wema ni asili ya Mungu, si amri yake tu, bado huulizwa kama asili hiyo ni njema kwa kuwa ni yake, au kwa sababu ya upendo na uadilifu uliomo ndani yake.

Mimi niko na Maturidi. Mtoro wa 1870 alidhulumiwa, na asiyewahi kusikia jina la nabii yeyote angeweza kulijua hilo kwa kumtazama. Wapo wanafalsafa wasioamini, kama marehemu Derek Parfit, waliotetea ukweli wa maadili bila Mungu, na nawaona wamefanikiwa zaidi ya tunavyopenda kukiri. Kinachobaki kwangu ni hoja ndogo: katika ulimwengu wa mata tupu, kutokea kwa akili zinazoweza kuufikia ukweli wa maadili ni jambo la kushangaza, katika ulimwengu uliotoka kwa Aliye mwema, halishangazi sana. Huo ni uzito unaowekwa kwenye mizani ileile yenye malaria upande wa pili, na kiasi gani cha uzito, Bayes hawezi kunisaidia kukipima.